KUPIMA MAFUTA YA PIKIPIKI BAADA YA KUTOKA KWA FUNDI

Mtu akisimama asubuhi penye njia panda ya Gede ataziona pikipiki zikipita pasipo kukoma. Nyingine zimechukua abiria wa Watamu, nyingine samaki, nyingine madafu, na nyingine magunia yanayotoka pande za Jilore na Langobaya. Tangu miaka ya 2007 na 2008, Serikali ya Kenya ilipopunguza kodi ya pikipiki ndogo zisizozidi sisi 250, kazi ya bodaboda imekuwa ndiyo riziki ya nyumba nyingi za Malindi na Kilifi. Wengi wa vijana hao hawajamaliza kulipa deni la chombo wanachokiendesha, nao wajua vema kwamba injini ikifa, deni halifi pamoja nayo.

Ajabu ni kwamba injini nyingine huanza kuharibika siku ile ile mwenyewe anapodhani ametenda lililo jema, yaani siku ya kuipeleka kwa wakala ili ibadilishwe mafuta.

Tuchukue mfano wa dereva wa Matsangoni. Amelipa fedha zake, ameambiwa kazi imekwisha, naye amerudi kwake. Anaiegemeza pikipiki kwa stendi ya pembeni chini ya mwembe, anainama kukitazama kile kijidirisha cha kioo ubavuni mwa injini, wala haoni mafuta. Moyo wamwambia kwamba fundi amemwibia. Anakwenda dukani, ananunua chupa ya oili, anamimina mpaka kioo kijae. Baada ya siku chache moshi wa samawati watoka nyuma, chujio la hewa limelowa mafuta, na chombo kimepoteza nguvu zake penye mchanga. Hapo anamlaumu fundi mara ya pili.

Basi katika habari hii fundi hana kosa hata moja. Pikipiki iliyo juu ya stendi ya pembeni hulala upande wa kushoto. Kijidirisha, katika pikipiki nyingi, kiko upande wa kulia. Mafuta hukimbilia mahali palipo chini, kama maji katika sinia iliyoinamishwa, na kioo huonekana kitupu hali mafuta yamo tele.

Watu wengi hudhani ya kuwa mafuta yakizidi hayana madhara. Sivyo. Ndani ya injini mna mtaimbo mzito unaozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na mafuta yakipanda hadi kuufikia, hupigwa yakawa povu. Povu lina hewa ndani yake, wala haliwezi kulinda vyuma kama mafuta matupu. Tena nafasi ya hewa hupungua, msukumo huongezeka, na mafuta husukumwa nje kupitia mpira wa kupumulia mpaka kwenye chujio la hewa, au hupenya penye sili. Yakipungua ni hatari zaidi: vyuma husagana, joto hupanda, na mwisho injini hunoki. Joto la pwani na mwendo wa polepole wenye mzigo mzito havimsaidii mtu wa namna hiyo.

Yampasa mwenye pikipiki kuisimamisha wima kabisa mahali palipo sawa, kwa stendi ya katikati, au mwenzake amshikie. Sakafu ya saruji ni bora kuliko mchanga. Aiwashe injini, aiache ingurume dakika 2 au 3, aizime, kisha angoje tena dakika 2 au 3 ili mafuta yaliyo juu yateremke. Hapo ndipo atazame. Mafuta yawe kati ya alama ya chini na alama ya juu.

Huko kuwasha kwanza kuna maana yake. Chujio la mafuta likiwa jipya huwa tupu, na injini ikiwaka hulijaza. Mafuta yaliyofika alama ya juu kabla ya kuwasha yaweza kushuka baadaye, na fundi mwenye haraka asiyepima mara ya pili humtoa mteja na upungufu.

Kwa pikipiki zenye kijiti cha kupimia, kitolewe, kipanguswe kwa kitambaa safi, kirudishwe, kitolewe tena. Lakini je, kikazwe au kisikazwe? Hapa ndipo wengi hukosea. Katika pikipiki nyingi za Honda kijiti hutiwa tu bila kuzungushwa. Za watengenezaji wengine hutaka kikazwe. Jibu limo katika kitabu kinachokuja na pikipiki, kile ambacho wengi hukitupa kabatini siku ya kwanza.

Kitabu hicho hutaja vipimo zaidi ya kimoja. Kuna kiasi cha kubadilisha mafuta tu, na kuna kiasi cha injini iliyofunguliwa yote. Hiki cha pili ni kikubwa, kwa sababu mafuta yakimwagwa kwa kawaida, mengine hubaki ndani. Anayemimina chupa nzima ya lita moja pasipo kutazama kitabu abahatisha.

Kitu kingine cha kumwuliza fundi ni aina ya mafuta. Katika pikipiki nyingi za stroki nne, mafuta hayo hayo hulainisha injini, giaboksi na klachi. Baadhi ya mafuta ya motokaa yana dawa ya kupunguza msuguano, nayo huifanya klachi iteleze. Chupa ifaayo huwa na alama ya Kijapani ya JASO MA. Ni vema mteja aione kabla haijafunguliwa, na apime mafuta pale pale gereji, fundi akiwapo.

Mafuta yakiwa yamezidi, si lazima kurudi mjini. Sindano kubwa ya mifugo isiyo na ncha, iliyofungwa mpira mwembamba, itayanyonya kidogo kidogo kupitia tundu la kujazia, huku mtu akipima kila mara. Yatiwe katika debe lenye kifuniko, wala yasimwagwe karibu na kisima, kwa maana ardhi ya matumbawe ya pwani hupitisha cho chote kinachomwagwa juu yake.

Asubuhi ya pili atazame chini ya injini. Tone moja sakafuni laonyesha kwamba ile bolti ya chini haikukazwa vema, au washa yake imechoka.