Samawati ya bendera inapogeuka zambarau: wachapaji, pimeni skrini zenu

Tangu mwaka 2006, bendera ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ina samawati ya anga. Lakini skrini ya kompyuta ikivuta kijani, mchapaji huongeza majenta ili irudi sawa machoni pake, na bango linatoka la zambarau. Mteja akilikataa, wino umekwenda bure.

Kurekebisha kwa macho hakutoshi, maana macho huzoea kosa upesi. Skrini huwashwa nusu saa kwanza, kisha kifaa kidogo cha kupima rangi huwekwa juu ya kioo chake, na programu husahihisha weupe ufike kelvini 6500. Mwangaza nao upunguzwe: skrini kali mno hufanya picha zilizochapwa zionekane za giza. Printa ina makosa yake, lakini hayo hupimwa baadaye.