Je, Nyayo za Viumbe Wengine Zaweza Kuonekana Mbinguni?



Mwindaji aonapo alama mchangani hasemi mara moja, "Simba amepita." Huinama, akaitazama, akajiuliza kama si upepo uliofukua mchanga. Ndivyo wafanyavyo wanafalaki watafutao dalili za viumbe wenye akili.

Hawatumaini kuwaona viumbe wenyewe, kwa kuwa nuru ya nyota iliyo karibu nasi kupita zote, baada ya jua letu, hutumia miaka 4 na zaidi kutufikia. Lakini kazi zao zaweza kuonekana: mawimbi ya redio, au moshi wa viwanda uliochanganyika na hewa ya sayari yao.

Natukumbuke jambo lililotukia Cambridge, Uingereza, mwaka 1967. Mwanafunzi Jocelyn Bell alikuwa akisoma karatasi zilizochorwa na mtambo upokeao mawimbi ya redio kutoka mbinguni. Hakuwa akitafuta viumbe. Ila aliona alama ndogo isiyofanana na nyingine. Ilipochunguzwa, kumbe ni mdundo, kila baada ya sekunde moja na theluthi, bila kukosea. Ni nani apigaye ngoma hiyo? Kwa mzaha wakaiita "watu wadogo wa kijani"; wala haukuwa mzaha mtupu, maana kama ni kweli, habari kubwa kama hiyo ingetangazwaje?

Hawakufanya haraka. Walichunguza kama ni kelele ya mitambo ya duniani. Sivyo, kwa kuwa ilirudi kila siku pamoja na nyota zile zile. Wakapima kama mdundo ulikazana na kulegea kwa zamu, kama utokao katika sayari izungukayo jua lake; wakaona mwendo wa dunia yetu tu. Kisha, Desemba mwaka ule, Bell akagundua mdundo wa pili, upande mwingine kabisa wa mbingu. Haielekei kwamba mataifa mawili yasiyojuana yatupigie ngoma ya namna moja. Ilikuwa kazi ya maumbile: nyota iliyoshindiliwa, upana wake yapata kilometa 20 tu, izungukayo upesi na kumulika kama taa ya mnara wa baharini.

Je, kazi ilipotea bure? Hasha! Waliona aina ya nyota ambayo haijapata kuonekana na mtu. Hata leo hakuna dalili iliyothibitika ya viumbe wengine. Lakini ikipatikana, tutaiamini kwa sababu ilijaribiwa kwanza kwa kila njia, isishindwe. Dalili ya mvua ni mawingu. Walakini si kila wingu huleta mvua.