Kamera Iliyofungiwa Kabatini Haijaokoa Shilingi

Januari inapoingia na ada za shule, kodi ya nyumba ya miezi sita kwa mkupuo na michango ya harusi inayodaiwa kwenye kundi la WhatsApp, jicho la familia huhamia kwenye starehe ya mtu mmoja. Kuna mwenye gofu yake, kuna mwenye pikipiki kubwa ya kutokea Jumapili, kuna mwenye tangi la samaki sebuleni. Leo nawachukua wapiga picha, wale wasiolipwa, wanaopiga kwa mapenzi tu. Katika kazi yangu ya kukaa na watu na kupanga fedha za nyumbani, sijaona hobi ambayo hesabu yake inamchanganya mwenyewe kama hii.

Uamuzi wa kawaida huwa wa hasira. "Basi, naacha!" Mkoba unafungwa zipu, unapandishwa juu ya kabati, na nyumba nzima inaamini kwamba mtu amejinyima. Mwisho wa mwezi ukiitafuta hela iliyookolewa, huioni. Kamera ya dijitali ikishalipiwa, kuitumia hakuna gharama ya kutaja. Betri inachajiwa, kadi inafutwa na kujazwa upya, na picha ya elfu kumi haikugharimu zaidi ya ile ya kwanza. Shata ina umri wake, ni kweli. Kamera nyingi hupimwa na watengenezaji kwa mibofyo 100,000 hadi 200,000, ila mtu wa kupiga wikiendi atahitaji miaka mingi kufika huko.

Kinachokula hela ni kununua. Leo lenzi, kesho flashi, keshokutwa stendi ya kaboni kwa sababu ile ya aluminiamu imeanza kuonekana nzito baada ya kutazama video ya YouTube. Ongeza programu ya kuhariri picha inayolipiwa kila mwezi, ikikatwa kwa dola kimyakimya, na nafasi ya kuhifadhi picha mtandaoni. Tundu liko hapo. Mpiga picha wa dijitali anaweza kufunga matumizi yote haya na bado asikose kupiga picha hata Jumamosi moja. Programu kama darktable na RawTherapee ni za bure na zinafungua mafaili ghafi ya kamera vizuri tu. Zinadai uvumilivu wa kujifunza, basi.

Si kila hobi iko hivyo. Anayepiga kwa filamu hulipia kila pozi, kuanzia kununua roli hadi kuisafisha, kwa hiyo akipunguza kupiga ameokoa papo hapo. Samaki wanakula kila siku na pampu haizimwi, mita ya umeme ya LUKU inasoma usiku kucha. Mcheza gofu analipa ada ya mwaka hata asipokanyaga uwanjani. Huyo aende akazungumze na katibu wa klabu yake kuhusu kusimamisha uanachama kabla ankara mpya haijatoka. Kabla ya kusema unaacha, jua kwanza hela yako inatokea mlango gani: kwenye kutumia, kwenye kumiliki au kwenye kununua.

Baada ya hapo linakuja suala la kuuza vifaa, na hapa akili hutuchezea shere.

Mwaka 1985 watafiti Hal Arkes na Catherine Blumer walichapisha jaribio walilolifanya kwenye maonyesho ya maigizo ya Chuo Kikuu cha Ohio, Marekani. Waliofika kununua tiketi za msimu mzima waliuziwa kwa bei tofauti: wengine bei kamili ya dola 15, wengine wakapunguziwa dola 2, wengine dola 7. Maigizo yalikuwa yaleyale. Katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili ndio waliohudhuria zaidi. Hela ilishakwenda kwa wote, hairudi uende usiende, lakini ukubwa wa maumivu ndio uliowainua kwenye viti vyao nyumbani. Nusu ya pili tofauti hiyo ikafifia, kana kwamba kidonda kimepoa.

Sasa mchukue mtu aliyenunua lenzi kwa shilingi 1,600,000, mnunuzi anampa 800,000. Anahisi anaibiwa 800,000. Hajaibiwa. Hela hiyo ilipotea zamani, kidogo kidogo, tangu siku alipofungua boksi, na mnunuzi amemletea habari tu. Swali la kujiuliza ni moja: kama lenzi hii usingekuwa nayo, na mezani kuna taslimu 800,000, ungeichukua ukainunue leo, na ada ya mtoto haijalipwa? Ukijibu hapana, basi kila mwezi unaokaa nayo umeinunua upya kwa bei usiyoitaka.

Hata aliyekubali kuuza hukwama kwenye bei. Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha mwaka 1990 majaribio ya vikombe vya kawaida kabisa. Baadhi ya washiriki walipewa kikombe kiwe chao, wengine hawakupewa, kisha soko likafunguliwa. Waliokuwa na kikombe kwa muda mfupi tu walitaka karibu mara mbili ya bei ambayo wasio nacho walikuwa tayari kutoa. Kama kikombe kinaweza kufanya hivyo, fikiria kamera iliyompiga mtoto wako picha alipoanza kutambaa! Ndiyo maana matangazo mengi ya kamera mitumba hukaa miezi bila kupata mtu. Bei iliyomo kichwani mwako usiiamini. Ulizia wenzako waliuza kwa ngapi mwishoni, si walitangaza kwa ngapi. Na ukimpa dalali, kubalianeni cha juu chake mapema, maana ndicho kitakachomkimbiza mnunuzi.

Soko lenyewe halisubiri. Mwaka 2018 Canon na Nikon zote mbili zilileta mifumo mipya ya kamera zisizo na kioo ndani, RF kwa Canon na Z kwa Nikon, na tangu hapo nguvu zao zimehamia huko. DSLR, zile zenye kioo, zimejaa kwenye mitumba. Lenzi za EF, zile za DSLR za Canon, zina afadhali kwa sababu zinafanya kazi vizuri kwenye bodi mpya kwa kutumia adapta. Bodi hazina bahati hiyo. Anayesema ataiuza DSLR yake "mambo yakikaa sawa" anapanga kuiuza kwa bei ndogo zaidi.

Narudi kwenye kabati, kwa sababu huko ndiko hasara isiyoonekana inakotokea. Kwa sisi wa Pwani, kuanzia Tanga mpaka Mtwara na visiwani, unyevu wa hewa hupita asilimia 70 siku nyingi za mwaka, na masika huzidi hapo. Fangasi wa lenzi wanapenda unyevu, giza na hewa isiyotembea. Mkoba wa ngozi uliofungwa juu ya kabati unawapa vyote vitatu. Chukua lenzi iliyolala kwa muda, vua vifuniko vyote viwili, fungua tundu lake hadi mwisho, washa tochi ya simu upande mmoja na utazame kwa upande wa pili kwa kuinamisha kidogo. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui zikitokea pembeni kuelekea katikati, hao wameshaingia. Wakikaa sana wanaacha asidi inayokula utando wa kinga juu ya kioo, na hapo hata fundi akisafisha alama hubaki. Mnunuzi anayejua kazi atafanya kipimo hichohicho mbele yako, na bei itaporomoka pale pale.

Kwa hiyo anayepumzisha kamera aipumzishe kwa akili. Chombo cha plastiki cha jikoni chenye kifuniko cha mpira kinatosha, pamoja na vipakiti vipya vya silika. Vile vya boksi la viatu vimeshakunywa unyevu wao zamani, usijidanganye navyo. Unyevu wa ndani ukiwa kati ya asilimia 40 na 50 ni salama. Betri iachwe na chaji karibu nusu, isijazwe wala isiishiwe kabisa. Na kila baada ya wiki chache itoe kamera nje upige nayo picha mbili tatu, jambo ambalo, nikisema ukweli, linarudi palepale nilipoanzia: bora uendelee kuitumia.

Nini kiuzwe, nini kibaki? Watu huamua kwa mapenzi, wakati jibu wanalo kwenye kompyuta. Kila faili ya picha inabeba ndani yake tarehe, aina ya lenzi na milimita zilizotumika. Fungua picha za mwaka mzima, zipange kwa lenzi, uhesabu. Mara nyingi ile 70-200 mm ya f/2.8, yenye uzito wa kama kilo moja na nusu, utakuta imefanya kazi safari moja ya Mikumi na sherehe mbili, halafu ikabaki pambo. Hiyo ndiyo hela iliyolala. Lenzi ndogo ya 50 mm ya f/1.8 ibakize. Ukiiuza hupati cha maana, na ukibaki nayo bado wewe ni mpiga picha. Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa lenzi ya 50 mm. Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio mwaka 1948, alipiga zaidi kwa mwanga wa jua uani kwake, shuka la kitandani likawa pazia la nyuma, na kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, mara nyingi mteja alipigwa pozi moja tu. Picha zake leo ziko kwenye makumbusho makubwa ya dunia.

Nina hali moja ambayo sibembelezi: deni la riba kali. Tuseme umekopa 800,000 kwa wale tunaowaita kausha damu, kwa asilimia 10 kwa mwezi. Ukilipa riba tu kwa miezi sita umetoa 480,000, na deni lako bado ni 800,000 ileile. Wakati huo lenzi ya 800,000 iko kwenye mkoba. Hapo uza, na uze wiki hii hata kama bei inauma, kwa sababu hakuna lenzi inayopanda thamani kwa asilimia 10 kila mwezi. Kabla ya kukabidhi, toa kadi yako ya kumbukumbu ubaki nayo, maana picha zilizofutwa kwa kawaida mara nyingi hurudishwa na programu za bure, na hutaki sherehe ya familia yako izunguke mjini.

Kuna njia ya kutokea ambayo kila mtu huifikiria: "Nitapiga harusi, hobi ijilipie yenyewe." Wapo waliofanikiwa. Lakini sendofu moja inahitaji bodi ya pili endapo ya kwanza itazima, flashi mbili, betri za akiba, kadi za akiba, usafiri wa usiku na siku kadhaa za kuhariri, na mama wa binti hataelewa habari ya shata iliyokufa wakati wa kukata keki. Maana yake unaanza kununua tena, safari hii kwa kisingizio cha biashara. Kama unataka kazi, andika mtaji, bei na kodi kama biashara nyingine yoyote. Usiitwishe hobi mzigo wa kulipa ada za shule kisha uichukie.

Nyumbani kikao kiwe cha haki. Hobi ya mpiga picha inasutwa kwa sababu ina mkoba unaoonekana. Kitenge cha sare kwa kila harusi na nyama choma ya kila Ijumaa havina mkoba, lakini ukivijumlisha kwa mwaka vinaweza kuipita lenzi. Mume na mke wakae, kila mmoja ataje chake, kisha wakubaliane fungu dogo la kila mwezi ambalo mtu haulizwi amelitumiaje. Fungu likiwa sifuri kwa miezi michache, liwe sifuri kwa wote wawili.

Kwa mwenye kamera, sifuri hiyo inavumilika. Alfajiri soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, lina mwanga, watu na mnada, na gharama ni nauli ya mwendokasi. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu, na lenzi isielekee Ikulu iliyo jirani.

Wewe uliyekwisha kuamua kuuza, fanya mapema. Masika huanza Machi. Toa lenzi kabatini leo, imulike kwa tochi, na kama ni safi, itangaze kabla mvua hazijafika.