Je, Wajua? Bukavu Kabla ya Fainali

Je, wajua kwamba mtu wa Bukavu yuko karibu zaidi na Dar es Salaam kuliko Kinshasa? Weka rula juu ya ramani: mpaka Kinshasa ni kilomita 1,500 na ushee, mpaka Dar kama 1,250, mpaka Lubumbashi kama 1,000. Kigali je? Hazifiki 150. Kwa hiyo ukimsikia kijana wa Kadutu, hapa Bukavu, anaiimbia Yanga ya Dar kuliko anavyoiimbia AS Vita Club ya Kinshasa, usimwite msaliti kabla hujatazama ramani.

Hata saa ina upande wake. Kongo ina majira mawili rasmi ya saa, na Kinshasa iko nyuma ya Bukavu kwa saa moja. Mechi inayoanza saa 9:30 alasiri Stade des Martyrs ya Kinshasa, Bukavu ni saa 10:30. Sasa sikia hili: Ulaya ikiwa katika majira yake ya joto, saa ya Bukavu inalingana kabisa na ya Paris, Madrid na Munich. Fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 31 Mei 2025 ilianza saa 3 usiku huko na saa 3 usiku hapa. Mji haukubaliani saa na makao makuu ya nchi yake, lakini unakubaliana na fainali.

Je, wajua kwamba hakuna klabu ya Bukavu iliyowahi kutwaa ubingwa wa taifa? Mji una watani wake wa jadi, OC Muungano na OC Bukavu Dawa, na uwanja wao ni Stade de la Concorde, pale Kadutu. Siku zinapokutana hakuna anayehitaji kuelezwa akae wapi. Upande huo mtu huukuta nyumbani. Klabu hizo zimepambana kwa miaka mingi katika kanda ya mashariki na wenzao wa Goma, Kindu, Kisangani na Butembo. Lakini ligi ikifika ukingoni, kombe hugombewa na wengine, na hapo ndipo shughuli inapoanza: sapota wa Bukavu inabidi aazime timu. Kuazima huko kuna sababu zake, na kila mtu anazo zake.

Ng'ambo ya pili ya Ziwa Kivu, Goma, huhitaji kuuliza sana. Mji huo una Dauphin Noir na DC Virunga. Vita Club ya Kinshasa hujiita Pomboo Weusi, na DCMP, mtani wake, ni Daring Club. Utani wa Kinshasa ulivuka nchi nzima ukatua kando ya volkano na majina yake yote mawili.

Je, wajua kwamba TP Mazembe iliwahi kuwa bingwa wa Afrika bila mpinzani kufika uwanjani? Mwaka 1967, ikiitwa bado Tout Puissant Englebert kwa jina la kampuni ya matairi, ilitoka sare mara mbili na Asante Kotoko ya Ghana, 1-1 na 2-2. Mechi ya tatu ikapangwa Cameroon. Kotoko haikutokea, habari haikuifikia kutoka kwa wakubwa wa mpira wa nchini mwake. Kombe likaenda Lubumbashi. Yakafuata ya 1968, 2009, 2010 na 2015.

Mazembe ina jambo moja ambalo vigogo wa Kinshasa hawana: inatoka mji wa Waswahili. Lubumbashi na Bukavu hucheka kwa lugha moja, hata kama kila mmoja anadai mwenzake ndiye anayeiharibu. Nyimbo za jukwaa za Kinshasa ni Kilingala. Mimi naamini hilo limeipatia Mazembe watu wengi Kivu kuliko makombe, ingawa shabiki mwenyewe atakutajia makombe kwanza. Na nani atamlaumu? Tarehe 18 Desemba 2010, huko Abu Dhabi, klabu hiyo ilicheza fainali ya dunia ya vilabu dhidi ya Inter Milan, baada ya kuitoa Internacional ya Brazil kwa 2-0. Ilipigwa 3-0. Lakini hakuna klabu ya Afrika iliyokuwa imefika fainali hiyo kabla yake.

Kuchagua upande kumewahi kuua. Tarehe 11 Mei 2014, Vita Club na Mazembe zilikutana Stade Tata Raphaël, Kinshasa. Vurugu, mabomu ya machozi, mkanyagano, na watu 15 wakapoteza maisha. Karibu zaidi na sisi, Butembo, Septemba 2008, mechi ya Nyuki System na Socozaki ilivurugika kwa sababu kipa alishukiwa kuleta uchawi golini. Zaidi ya watu kumi hawakurudi nyumbani siku hiyo, wengi wao vijana.

Je, wajua kwamba Samatta na Mayele waliwatesa Waarabu walewale, mmoja akarudi na kombe na mwingine mikono mitupu? Fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika 2015: Mazembe dhidi ya USM Alger. Mbwana Samatta, Mtanzania, akafunga kule Algiers na akafunga tena Lubumbashi. Kombe likabaki Kongo. Miaka minane baadaye, 2023, fainali ya Kombe la Shirikisho: Yanga dhidi ya USM Alger haohao. Dar es Salaam Waarabu walishinda 2-1, bao la Yanga likiwa la Fiston Mayele. Algiers Yanga ilishinda 1-0, kwa penalti ya Djuma Shabani. Jumla 2-2, kombe likaenda Algeria kwa sheria ya goli la ugenini. Mabao yote mawili ya Yanga katika fainali yalifungwa na Wakongomani! Basi niambie, jioni ile ya Juni mtu wa Bukavu alikuwa anashangilia timu ya kigeni au timu yake?

Sheria hiyohiyo ya goli la ugenini ndiyo iliyoipa Mazembe kombe la 2009 mbele ya Heartland ya Nigeria. Mpira haudaiwi.

Mayele hakukaa na kinyongo. Tarehe 1 Juni 2025 alifunga katika fainali ya Ligi ya Mabingwa na kuipa Pyramids ya Misri ubingwa wake wa kwanza wa Afrika.

Je, wajua kwamba Léopards, timu ya taifa ya Kongo, waliwahi kubeba kombe mahali palipo karibu na Bukavu mara kumi kuliko palivyo karibu na Kinshasa? Ilikuwa CHAN ya 2016, mashindano ya wachezaji wanaosakata mpira katika ligi za nchi zao, na mwenyeji alikuwa Rwanda. Kongo ilianza Huye, kwenye barabara ileile anayoipita msafiri wa Bukavu akivuka Ruzizi kuelekea Kigali. Robo fainali, tarehe 30 Januari, ikakutana na mwenyeji mwenyewe na kumtoa 2-1 katika muda wa nyongeza. Fainali, tarehe 7 Februari, Uwanja wa Amahoro wa Kigali: Kongo 3, Mali 0. Meschack Elia mawili, Jonathan Bolingi moja. Kocha alikuwa Florent Ibenge. Mtu wa Bukavu ambaye hajawahi kupata nauli ya ndege ya Kinshasa kuona timu ya taifa, safari hii angeweza kwenda kwa basi.

Kisa kingine cha mpaka huu, na hiki nakipenda kuliko vyote. Mwaka 2014 Rwanda iliitoa Congo-Brazzaville kwa penalti katika mechi za kufuzu Kombe la Afrika. CAF ikagundua kwamba mshambuliaji wa Rwanda, Daddy Birori, ndiye yuleyule aliyekuwa akiichezea Vita Club ya Kinshasa kwa jina la Etekiama Agiti Tady. Rwanda ikaondolewa, Brazzaville ikarudishwa. Ikafuzu. Ikafika robo fainali kule Bata, tarehe 31 Januari 2015, na aliyesimama mbele yake alikuwa nani? Kinshasa. Brazzaville ikaongoza 2-0. Kisha ndani ya nusu saa ya mwisho Mbokani, Bokila, Kimwaki na Mbokani tena wakageuza ubao ukasoma 4-2. Mchezaji mmoja mwenye majina mawili ndiye aliyezaa derby ya mto Kongo.

Kombe la Afrika lenyewe Kongo imelichukua mara mbili, 1968 na 1974. Ndaye Mulamba alifunga mabao tisa katika mashindano ya 1974, yakiwemo yote manne ya fainali mbili dhidi ya Zambia (ya kwanza iliisha 2-2, ikarudiwa). Miaka ilipopita zikavuma habari kwamba amefariki, na katika Kombe la Afrika la 1998 watu wakasimama kimya kumkumbuka. Alikuwa hai, Afrika Kusini. Alifariki Januari 2019.

Je, wajua kwamba kipa aliwahi kuipeleka Kongo robo fainali ya Kombe la Afrika kwa mguu wake? Lionel Mpasi, dhidi ya Misri, 28 Januari 2024, mikwaju 8-7. Timu ileile ilipofika nusu fainali dhidi ya Ivory Coast, tarehe 7 Februari mjini Abidjan, wachezaji walifunika midomo kwa kiganja na kuelekeza vidole viwili kwenye panja kama bastola wakati wimbo wa taifa ukipigwa. Walikuwa wanasema habari za vita vya mashariki ya nchi. Walifungwa 1-0. Jioni hiyo hakukuwa na haja ya kumuuliza mtu wa Kivu yuko upande gani.

Tuje sasa kwenye jambo zito, maana upande siku hizi unachaguliwa hata mkononi mwa jezi. Mwaka 2018 Arsenal ilianza kuvaa maneno ya kuitangaza Rwanda kwenye mkono wa kushoto. PSG ikaingia mkataba wa namna hiyo 2019, Bayern Munich 2023. Waasi wa AFC/M23 waliingia Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba Rwanda inawasaidia, Kigali inakanusha. Siku hizohizo, waziri wa mambo ya nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, alizitaka klabu zote tatu zivunje mikataba.

Tazama lilivyoendelea. Nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, Aprili na Mei 2025: Arsenal na PSG, zote mbili zenye mkataba. PSG ikapita, ikashinda fainali 5-0 dhidi ya Inter, na fainali ikachezwa Munich, nyumbani kwa Bayern, ya tatu yenye mkataba. Shabiki wa Arsenal wa Bukavu, aliyeipenda timu hiyo tangu enzi za Henry, afanye nini? Avue jezi? Akate mkono mmoja kwa mkasi? Nani ana haki ya kumwamulia? Mimi simo. Mapenzi ya klabu huingia utotoni, na jezi ya mtumba haiulizi wadhamini.

Baadaye mambo yalisogea. Agosti 2025 Bayern iliacha matangazo hayo na kubakiza ushirikiano wa kukuza vipaji vya vijana. Novemba, Arsenal ikatangaza kwamba mkataba wake ungekoma mwisho wa msimu huo. PSG ilikuwa imeongeza wake hadi 2028.

Je, wajua kwamba kocha wa Bayern ni mjukuu wa Bukavu? Pierre Kompany alizaliwa Bukavu mwaka 1947, akaikimbia Zaire ya Mobutu mwaka 1975, akafika Ubelgiji, na mwaka 2018 akachaguliwa meya wa Ganshoren, Brussels: meya wa kwanza mweusi wa Ubelgiji. Mwanawe, Vincent, ndiye nahodha aliyenyanyua ubingwa wa Uingereza akiwa na Manchester City mara nne, 2012, 2014, 2018 na 2019. Alianza kuinoa Bayern 2024 na kutwaa ubingwa wa Ujerumani msimu wake wa kwanza. Bukavu isiyowahi kuwa bingwa wa Kongo ina damu yake katika ubingwa wa Uingereza na wa Ujerumani.

Barabara kuu ya Bukavu ni Avenue Patrice Lumumba. Katika Kombe la Afrika lililochezwa Morocco mwishoni mwa 2025 na mwanzoni mwa 2026, sapota Michel Kuka Mboladinga alimsimamisha Lumumba huyohuyo jukwaani: suti, miwani, mkono wa kulia juu, bila kutikisika dakika zote, mfano wa sanamu yake ya Kinshasa. Algeria ilipowatoa Léopards 1-0 dakika za mwisho za muda wa nyongeza, alikuwa amesimama dakika karibu 120.

Ya mwisho, na hii ichochee mabishano. Julai 2025 serikali ya Kongo nayo ilisaini na Barcelona: miaka minne, zaidi ya euro milioni 40, jina la nchi mgongoni mwa fulana za mazoezi. AC Milan na Monaco nazo zimo katika mikataba ya aina hiyo. Wa Real Madrid walioko Bukavu wanasema hawakuulizwa, na kwa fedha hizo wangetaja barabara kadhaa zinazohitaji lami. Sasa weka Bayern ya mtoto wa Mzee Kompany upande mmoja, na Barcelona iliyobeba jina la Kongo upande wa pili. Waliwahi kukutana, tarehe 23 Oktoba 2024, kabla ya mkataba: Barcelona 4, Bayern 1. Wakikutana fainali, Kadutu itakaa wapi, na jirani yake Ibanda itakaa wapi? Anzeni kubishana mapema; siku hizi fainali ni saa 12 jioni.