Munganga Ajifunze Pia Kuuliza
Wazazi, mtoto wenu akimaliza uganga na kutaka kusomea utafiti, msiseme anapoteza wakati. Profesa Muyembe aliusomea Leuven, Ubelgiji, akarudi kwetu Kongo. Kikwit, mwaka 1995, yeye na wenzake waliwapa wagonjwa 8 wa Ebola damu ya watu waliopona. Mmoja tu alikufa. Lakini 8 ni wachache, na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Swali likabaki.

Novemba 2018, Kivu ya Kaskazini, wagonjwa walianza kupangiwa dawa kwa kura. Agosti 2019 mbili zilionekana zinaokoa zaidi. Moja ilitokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit.

Kijana, anza na kaye ya wagonjwa: hesabu, andika, uliza.