Baiskeli kuukuu ya gia: Anza na breki, rangi iwe ya mwisho

Baiskeli za gia za milimani zilizotengenezwa miaka ya 1980 na 1990 bado zipo. Nyingine zimelala stoo, nyingine zinaingia na mitumba kutoka Japani na Ulaya. Kwa mzazi anayetaka mtoto aweke simu chini, fremu nzuri ya enzi hizo inaweza kudumu kuliko baiskeli mpya ya bei rahisi. Ikifufuliwa vibaya, hata hivyo, inaweza kuleta majeraha, na hata sumu ndani ya nyumba.

Baiskeli ya milimani yenyewe ilitokana na ukarabati. Miaka ya 1970, vijana wa Marin County, California nchini Marekani, walikusanya baiskeli nzito za miaka ya 1930 na 1940, wakazitengeneza na kushindana kuteremka mlima kwenye barabara ya vumbi. Shindano la kwanza lilifanyika Oktoba 1976. Breki zilipata moto hadi grisi ikatoka moshi, ikabidi zijazwe grisi upya baada ya kuteremka. Ndipo njia hiyo ikapewa jina la Repack, maana yake kujaza upya.

Somo lao halijapitwa na wakati: cha kwanza ni breki.

Unapoitafuta

Nenda na sumaku. Ikinasa, fremu ni ya chuma, na fundi wa kuchomelea anaweza kuitengeneza. Isiponasa, huenda ni alumini, na alumini yenye ufa usiinunue. Kagua maungio yaliyo chini ya usukani na kwenye ekseli ya pedali. Tafuta ufa, mkunjo au rangi iliyovimba kwa kutu. Jaribu kuchomoa nguzo ya kiti. Ikigoma kabisa, huenda kutu imeishika ndani, na hiyo ni sababu ya kupunguziwa bei.

Geuza baiskeli usome namba ya fremu, ambayo mara nyingi huwa chini ya ekseli ya pedali. Namba ikiwa imekwanguliwa, achana nayo, huenda ni ya wizi. Ikiwepo, iandikwe kwenye risiti.

Unataka kujua umri wake? Vipuri vingi vya Shimano vya wakati huo vina herufi mbili zilizogongwa upande wa nyuma. Ya kwanza ni mwaka, A ikiwa 1976, na ya pili ni mwezi. Kwa hiyo SC ni Machi 1994.

Pesa ianzie hapa

Badilisha raba za breki, waya na kava zake. Raba ya miaka 30 huweza kuonekana nzima kumbe imekauka na haishiki. Tairi zenye nyufa ubavuni zitupwe. Saizi ya inchi 26 bado inapatikana. Gololi zisafishwe na kutiwa grisi mpya, na mnyororo uliolegea ubadilishwe kabla haujala meno ya gia.

Kabla mtoto hajapanda, bana breki moja moja huku ukisukuma baiskeli. Gurudumu lisizunguke, na mkono wa breki usifike kwenye usukani.

Vumbi la rangi

Hapa ndipo wazazi wengi hawaoni hatari. Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Risasi huathiri ukuaji wa ubongo, na mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kutokana na kiasi kilekile alichomeza.

Kama rangi haijabanduka, iache. Osha na ung'arishe tu. Ikilazimu kuitoa, usiichome moto wala kuisugua ikiwa kavu. Tumia msasa wa maji, nje, mbali na watoto na wajawazito. Tandika plastiki chini, vaa barakoa ya vumbi, kisha oga na ubadilishe nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Imfae mtoto

Asimame ameipanda fremu, nyayo zote mbili chini, na pabaki nafasi ya walau sentimita 5 juu ya bomba la fremu. Usinunue kubwa kwa kusema atakua. Vidole vyake vifikie breki bila shida, na kofia ngumu isikosekane.

WHO inapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Kazi ya rangi ikiisha, mwite mtoto asaidie kujaza upepo na kupaka mnyororo mafuta. Baada ya wiki moja, irudisheni kwa fundi, kwa sababu waya mpya za breki hulegea zikianza kutumika.