Jina Kama Kumbukumbu: Longonot na Kisiwa cha Naivasha

Mwanafunzi wa isimu hufunzwa mapema kwamba uhusiano baina ya neno na kitajwa chake ni wa kinasibu. Majina ya mahali, hata hivyo, yanadai uangalifu zaidi, kwani aghalabu aliyeyatoa aliitazama ardhi kwanza. Makala hii inachunguza majina mawili ya Bonde la Ufa nchini Kenya.

La kwanza ni Longonot. Asili yake ni neno la Kimaasai, Oloonong'ot, lenye maana ya mlima wa migongo mingi yenye miteremko mikali. Anayeutazama mlima huo kutoka bondeni huiona migongo hiyo bila kuonyeshwa, kwa kuwa majivu ya volkano yamechongwa na mvua yakawa makorongo. Kilele kina kimo cha mita 2,776, na mwaka 1983 mlima ulitangazwa kuwa hifadhi ya kitaifa. Ukingoni mwa kasoko, mpandaji huona chini yake msitu uliozingirwa na kuta za miamba, mfano wa kisiwa cha kijani katikati ya mlima mkavu.

La pili ni Naivasha, litokanalo na Nai'posha, yaani maji yanayochafuka. Katika ziwa hilo, lililoorodheshwa mwaka 1995 chini ya Mkataba wa Ramsar, mna Kisiwa cha Crescent. Kina umbo la hilali kwa sababu ni ukingo wa kasoko nyingine iliyozama. Humo hulisha twiga, pundamilia na nyumbu, huku furukombe wakivizia samaki. Maji yapunguapo, kisiwa huungana na nchi kavu kikawa rasi. Yajaapo, hujitenga tena.

Ziwa hulishwa hasa na mito Malewa na Gilgil, nalo halina mto utokao. Maji hupenya ardhini, ndiyo maana hayana chumvi kama ya maziwa jirani ya Nakuru na Elementaita. Mvua ikipungua au ikizidi, ufuo huhama. Mwaka 2009 ukame uliyashusha maji mno. Mwaka 2020 yalifurika hadi makazi ya Kihoto, na familia zikahama.

Ni kweli kwamba jina lataja mawimbi, si mafuriko. Hata hivyo, linamwonya msikilizaji kwamba ziwa hili halitulii. Si haki kumlaumu aliyejenga ufuoni: aliona nchi kavu, na hakuwa na wa kumfasiria jina. Lawama, ikiwapo, inatuhusu sisi wanalugha. Tumelikopa jina, tukaliandika kwa tahajia nyingine, tukaiacha maana kwa wenyewe. Kamusi zetu aghalabu huyapuuza majina ya mahali. Yafaa basi tuwaendee wazee wa Kimaasai, tuzikusanye maana hizo na kuzihifadhi kwa Kiswahili, ili anayehamia bondeni ajue anajenga wapi.